UZI: Mwezi uliochongwa kwenye kibao cha Rapa Nui, kalenda ndani ya maandishi yasiyosomeka

Mwandamo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekesha na jambo hili miezi kadhaa na mtaani kwangu sina wa kuzungumza naye, nikaona nililete hapa. Ni habari ya kibao cha mti, urefu sentimita 29, upana hata 20 hazifiki. Unaweza kukitia kwapani ukaondoka nacho. Kinaitwa Mamari. Kimehifadhiwa Roma, kwenye nyumba kuu ya shirika la mapadri wa Mioyo Mitakatifu, lakini kwao ni Rapa Nui, kisiwa kilicho peke yake ndani ya Pasifiki, kilomita kama 3,700 kutoka pwani ya Chile. Mholanzi Jacob Roggeveen alikifikia siku ya Pasaka mwaka 1722, ndiyo maana ramani nyingi zinakiita Kisiwa cha Pasaka. Wengi mnakijua kwa masanamu yake makubwa ya mawe. Mimi leo nina habari ya mti.

Mamari imechongwa pande zote mbili, mistari 14 huku na 14 kule, alama zipatazo elfu moja: ndege, samaki, watu walioketi, mimea, hilali. Maandishi haya huitwa rongorongo. Yamesalia kwenye vitu ishirini na kitu tu duniani, vyote vimetawanyika ng'ambo. Kisiwani kwenyewe hakikubaki hata kimoja. Na hakuna binadamu aliye hai anayeweza kuyasoma.

Hata namna ya kuyashika ina utaratibu wake. Unaanza chini kushoto, unakwenda mpaka mwisho wa mstari, kisha unakigeuza kibao juu chini, ndipo unaendelea na mstari unaofuata. Ukiutazama ubao umetulia, kila mstari wa pili umesimama kichwa chini miguu juu. Msomaji alikuwa anakizungusha mkononi muda wote.

Sasa, ndani ya kiza hicho kuna sehemu moja yenye mwanga. Kwenye Mamari, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 9 wa upande mmoja, Mjerumani Thomas Barthel aliona mwaka 1958 kwamba hilali zinajirudia kwa mpangilio usioweza kuwa wa bahati. Akasema hii ni kalenda ya mwezi. Mwaka 1990 mtaalamu wa lugha Jacques Guy akairudia kazi hiyo kwa undani zaidi, na hapo ndipo mimi nilipoketi kitako.

Hilali ziko 29, na katikati yake pamekaa alama moja ya pekee inayosimama kwa mwezi mpevu. Jumla 30. Kalenda ya zamani ya Rapa Nui, ambayo wageni waliwahi kuiandika kutoka midomoni mwa wenyeji, ilikuwa na usiku 28 wa kawaida na mbili za akiba. Hesabu inakaa.

Hizo hilali zimegawanywa mafungu manane. Kila fungu linatanguliwa na alama nne zilezile, kama mpiga mbiu anayetangulia msafara, na ya mwisho katika hizo nne ni samaki aliyening'inia kwenye mshipi. Mafungu manne ya kabla ya mwezi mpevu, samaki kichwa chake kiko juu. Manne ya baada yake, samaki kichwa chini. Mwezi unakua, mwezi unapungua. Nilipoliona hilo kwenye picha nilizima simu nikatoka nje kupunga hewa.

Lakini ushahidi mzito kwangu ni mwingine, na watu wengi huupita haraka. Wenyeji walizipa nyusiku zao majina: ata, ari, maharu, hua, atua, maure, rakau, hadi omotohi ambao ni usiku wa mwezi mpevu. Lakini sio zote zilikuwa na jina lake. Kuna nyusiku sita mfululizo kabla ya mwezi mpevu zilizoitwa kwa namba tu: kokore tahi, kokore rua, kokore toru, kokore hā, kokore rima, kokore ono. Na baada ya mwezi mpevu zipo tano nyingine za kokore. Rudi kwenye kibao. Hilali kadhaa zimeambatana na alama nyingine ubavuni, kana kwamba ndiyo majina yake. Ila kuna mahali hilali sita zimepangwa tupu, hazina kiambata chochote, na mbele tena kuna tano tupu. Sita na tano. Palepale zinapotakiwa kuwa.

Mtu akiniambia hayo ni kubahatisha, basi namwomba anionyeshe bahati nyingine ya namna hiyo. Naomba kuwasilisha. Tia neno.

---

Nahodha wa Pangani

Mleta uzi ahsante. Mimi ni mvuvi, baba yangu mvuvi, na sijasoma sana, lakini hili nimelielewa kuliko nyuzi nyingi za humu.

Naomba unifafanulie jambo moja. Umesema nyusiku 28 na mbili za akiba. Sisi hapa mwezi una 29 au 30, na huwezi kuapa mpaka uandame uuone. Hao walijuaje lini watumie akiba na lini waiache? Maana ukikosea mara tatu nne, bamvua inakuja wewe unasubiri maji mafu, unaharibu kazi ya wiki nzima.

---

Mwandamo

Mzee wangu shikamoo. Umegusa penyewe, maana hilo ndilo swali ambalo Guy alilijibu, na jibu lake ndilo linalonifanya niamini kwamba kibao kile kilikuwa chombo cha kazi.

Mwezi hauizunguki dunia kwa duara kamili. Kuna wakati uko mbali kidogo, unaonekana mdogo na unakwenda polepole. Kuna wakati uko karibu, unaonekana mpana na unakwenda mbio. Unapojikokota ndipo kalenda inapohitaji kuongezewa usiku, la sivyo hesabu inautangulia mwezi wenyewe angani. Guy akapendekeza kwamba zile alama nne za mpiga mbiu ni maagizo: hapa tazama juu, upime upana wa mwezi.

Na kuna kitu kidogo sana kwenye uchongaji. Mahali pawili, usiku wa sita kabla ya mwezi mpevu na usiku wa sita baada yake, mchongaji ameweka hilali ndogo, nusu ya ukubwa wa zile nyingine, imeinuliwa juu kidogo ya mstari. Guy anaiona kama mwezi mdogo, yaani mwezi ulio mbali. Ukiuona mdogo usiku huo, toa usiku mmoja kwenye akiba. Hilali ndogo ya kwanza imeangukia mahali palepale ambapo wageni wawili waliosikiliza kwa nyakati tofauti, Thomson mwaka 1886 na Métraux miaka ya 1930, waliambiwa na wenyeji kwamba unaingia usiku wa ziada uitwao hotu. Mwishoni mwa kalenda zipo hilali mbili zimewekwa kando, na mbiu yake ni ndefu kuliko nyingine. Hizo ndizo akiba.

Sehemu hii ya kupima upana wa mwezi ni pendekezo, mzee. Kwamba ni kalenda ya mwezi, hilo wataalamu wamelikubali karibu wote. Kwamba inafundisha lini uongeze usiku, hilo ni la Guy, na mimi binafsi naliona lina nguvu.

---

Nahodha wa Pangani

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Mwezi ukiwa mkubwa na mpevu maji yake yanapanda kuliko kawaida, hilo hata mtoto wa pwani analijua, ila sijawahi kufikiri kwamba huo ukubwa unaweza kukuhesabia siku. Usiku wa leo nautazama vizuri.

---

Mchunguzi Huru

Mleta uzi unazunguka mbuyu. Haya maandishi yanafanana kabisa na yale ya Bonde la Indus kule Pakistani, nimeona picha zimewekwa sambamba. Hiyo maana yake kulikuwa na taifa moja kubwa la kale wanalotuficha. Kalenda ni kitu kidogo.

---

Mwandamo

Mkuu, hizo picha nazijua. Zilianza mwaka 1932 na Guillaume de Hevesy, na zilishtua watu wakubwa wakati huo. Alfred Métraux, aliyekwenda kisiwani mwenyewe mwaka 1934, alizikagua akaonyesha kwamba hazisimami. Na hata bila yeye: maandishi ya Indus yalikoma takriban miaka elfu nne iliyopita, upande mwingine wa dunia, wakati Rapa Nui haikuwa na mtu hata mmoja. Chukua mifumo miwili yenye mamia ya alama za watu na samaki, hutakosa jozi zinazofanana. Mtu ana mikono miwili na samaki ana mkia kila mahali.

Tena naomba nikupinge kwa moyo wote kwenye hilo la "kalenda ni kitu kidogo". Wewe unataka taifa kubwa lililofichwa. Mimi nina watu halisi, kwenye kisiwa chenye kilomita za mraba kama 164, waliotazama mwezi kwa makini kiasi cha kuona unanenepa na kukonda, wakatafuta njia ya kulichonga hilo kwenye mti kwa jino la papa na kipande cha jiwe kali. Hao wananitosha.

---

Binti Ngazija

Jamani, nimesoma hizo namba nikarudi nyuma kusoma tena. Rua, toru, rima? Mume wangu ni mtu wa Madagaska, kwao wanahesabu roa, telo, dimy. Mbili, tatu, tano. Hiyo imekaaje?

---

Mwandamo

Dada, imekaa sawasawa. Kirapanui na Kimalagasi ni ndugu wa damu, vyote vimetoka katika familia moja ya lugha iliyosambazwa na mabaharia wa visiwa vya kusini mashariki ya Asia. Wengine walielekea magharibi wakaikata Bahari ya Hindi hadi Madagaska. Wengine wakaelekea mashariki, kisiwa baada ya kisiwa, hadi Rapa Nui ambako ng'ambo yake karibu hakuna nchi mpaka Amerika. Nne kwa Kirapanui ni hā, kwa Kimalagasi efatra. Sita ni ono, kule ni enina. Na ngalawa zetu zenye matengo mawili zina uhusiano na mabaharia haohao.

Kwa hiyo ukimsikia shemeji anahesabu, unasikia kokore za Rapa Nui kwa lafudhi nyingine.

---

Fundi Mbao

Mimi naomba kuuliza la mti. Ni mti gani huo? Na wamepimaje umri wake?

---

Mwandamo

Fundi, wewe nilikuwa nakungoja.

Mamari ni mti wa pwani za joto, kitaalamu Thespesia populnea, ambao unaota hata kwenye fukwe za Bahari ya Hindi. Lakini vibao vingine vina hadithi. Kuna kimoja kirefu kiitwacho Tahua, hicho kilichongwa juu ya kasia la kizungu. Kisiwa kilikuwa kimekwisha kuwa na miti michache mno, kila kipande cha mti kilichofika ufukweni kilikuwa mali.

Mwaka 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Bologna ilitoa majibu ya vipimo vya kaboni 14 kwa vibao vinne vilivyoko Roma. Vitatu vilitoa umri wa karne ya 19, Mamari ikiwemo. Cha nne kikatoa karne ya 15, miaka zaidi ya 200 kabla ya Roggeveen. Hapo mjadala ukawaka, kwa sababu wapo wanaosema wenyeji walibuni uandishi baada tu ya kuwaona Wahispania mwaka 1770, walipotakiwa kutia alama zao kwenye hati ya kukikabidhi kisiwa kwa mfalme wa Hispania. Kama kile kibao kilichongwa karne ya 15, basi walibuni wenyewe pasipo kuona karatasi ya mtu. Na uvumbuzi wa uandishi kutoka sifuri umetokea mara chache sana katika historia ya binadamu.

Na mti wa kibao hicho cha nne ni wa jamii ya podo. Podo ya kusini mwa Afrika.

---

Fundi Mbao

Podo? Hii hii ya milimani kwetu tunayopasua mbao? Hapo lazima nitie neno, kwa sababu mbao naijua.

Kipimo kinakuambia mti ulikatwa lini, hakikuambii lini mtu alitia patasi. Nimewahi kubomoa paa la nyumba ya zamani nikachukua boriti zake nikachonga milango. Mlango mpya, mti wa zama za babu. Na ukichukua kipande cha moyoni mwa gogo, umri wake ni mkubwa kuliko wa ngozi ya nje, hata kama ni gogo lilelile. Sasa kama podo imetoka Afrika ikaelea hadi huko, imeelea miaka mingapi? Imelala ufukweni miaka mingapi kabla ya kuokotwa?

Sisemi wamekosea. Nasema nisingeweka dau nyumba yangu kwa kibao kimoja.

---

Mwandamo

Fundi, heshima yako. Watafiti wenyewe wamelisema hilo la kutofautisha umri wa mti na umri wa maandishi, ila hawakulisema vizuri kama ulivyolisema wewe kwa boriti. Natamani sana kiwe cha karne ya 15. Lakini kutamani kwangu si ushahidi, na kibao ni kimoja.

---

Mama Shule

Nimefuatilia kimyakimya. Swali langu ni rahisi: wazee walikwenda wapi? Watu hawasahau kusoma kwa pamoja siku moja.

---

Mwandamo

Mwalimu, kwa kweli ilikuwa karibu siku moja. Hii sehemu naiandika polepole.

Zamani za ariki (mfalme) Nga'ara, aliyekufa miaka michache tu kabla ya balaa, wasomaji walikusanyika kila mwaka ufukweni Anakena kusoma mbele yake. Wazee walimsimulia hayo Katherine Routledge, Mwingereza aliyefika mwaka 1914. Ulikuwa mkutano wa elimu hasa, watu wakisikilizwa na kusahihishwa.

Mwishoni mwa 1862 zikaja meli za wafanya biashara ya watumwa kutoka Peru. Walichukua watu wapatao 1,500, kama nusu ya kisiwa, na wenye elimu walikuwa miongoni mwao. Wengi walikufa huko. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 kisiwani. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa maana ya watu kupakiwa melini, ila fikirieni kisiwa ambacho kimebaki watu mia na kumi na mmoja.

Mwaka 1864 mmisionari Eugène Eyraud aliandika kwamba aliviona vibao hivi katika nyumba zote. Miaka michache baadaye askofu Jaussen wa Tahiti alipotaka vikusanywe, vilipatikana vichache mno. Jaussen akampata Metoro, Mrapanui aliyekuwa kibarua mashambani Tahiti, akamkabidhi vibao asome. Metoro akaviimbia, Jaussen akaandika kurasa na kurasa. Kwa miaka mingi watu walitumaini kwamba ufunguo uko humo.

Na hapa kalenda inarudi. Guy alitazama Metoro alisema nini alipofika kwenye mistari ya mwezi ya Mamari. Aliisoma kinyumenyume. Na ile alama ya mwezi mpevu, ambayo iko wazi kuliko zote, hakuitambua. Alikuwa akitaja anachokiona: ndege, mtu, mwezi, samaki. Sitaki kumwita mwongo. Alikuwa mbali na kwao, askofu amekaa mbele yake na kalamu, anasubiri. Lakini kalenda imetuonyesha kwamba hakuwa anasoma.

---

Mchunguzi Huru

Basi kama kalenda inajulikana, si waitumie kufungua mengine? Majina ya nyusiku yapo, alama zipo. Mbona hesabu ndogo. Halafu nilisoma mahali kwamba kuna mtu alishayasoma yote.

---

Mwandamo

Swali zuri, mkuu, na nafurahi umelileta.

Anayetajwa ni Steven Roger Fischer. Alijenga hoja yake hasa juu ya fimbo ndefu iliyoko Santiago, Chile, sentimita 126, yenye alama kama 2,300, akasema ni nyimbo za uumbaji za mtindo wa "fulani alilala na fulani akazaliwa fulani". Wenzake wengi hawakukubali. Ukiitumia kanuni yake kwenye vibao vingine inatoa viumbe vinavyozaana bila kikomo.

Guy alijaribu unachokisema wewe. Alichukua zile alama zilizokaa ubavuni mwa hilali akapendekeza sauti zake kwa kulinganisha na majina ya nyusiku. Tatizo ni uchache. Viambata vyenyewe viko kwenye hilali saba. Ukipata sauti moja, inabidi uipeleke kwenye vibao vingine uone kama inazaa neno la Kirapanui, na hadi leo haijazaa kwa namna ya kumridhisha mtu asiyetaka kuamini tayari. Halafu Kirapanui cha leo kimechanganyika mno na Kitahiti, kwa hiyo hata lugha ya kulinganishia imebadilika.

Ndiyo maana nasema kujua kwamba mistari hii inahesabu mwezi si sawa na kuisoma. Ni kama kumkuta mtu anahesabu vidole kwa lugha usiyoijua. Unajua anahesabu. Unajua amefika ngapi. Neno lililo kinywani mwake hulijui.

Alama ya mwezi mpevu tunaielewa zaidi kwa sababu ya simulizi. Guy anaihusisha na maneno te nuahine kā 'umu 'a rangi kotekote, bibi kizee anayewasha tanuri la ardhini huko mbinguni. Ndiye wanayemwona watu wa Pasifiki kwenye mabaka ya mwezi.

---

Binti Ngazija

Bibi anapika. Usiku wa leo nitamtafuta.

---

Mama Shule

Kwa hiyo baada ya kalenda hakuna hatua nyingine iliyopigwa?

---

Mwandamo

Zipo, mwalimu, na moja nataka wanafunzi wako waijue. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kijana wa shule Leningrad kule Urusi, Boris Kudryavtsev, aligundua kwamba vibao viwili vya makumbusho ya mjini kwao na kimoja kilichoko Santiago vina maandishi yaleyale. Tangu hapo ikawezekana kulinganisha nakala na kuona alama ipi inaweza kubadilishana na ipi. Vita vikamchukua kabla hajaendelea.

Na kwenye kalenda yenyewe, mwaka 2011 mtafiti Rafał Wieczorek alipendekeza kwamba kibao kingine, Keiti, nacho kina mambo ya mwezi. Keiti kilikuwa Louvain, Ubelgiji. Kiliungua mwaka 1914 maktaba ya chuo kikuu ilipochomwa moto na jeshi la Ujerumani. Kwa hiyo kazi yote hiyo inafanywa juu ya picha za kitu ambacho ni majivu.

Nimezipata picha hizo. Nimeanza kuhesabu hilali zake usiku, moja moja, na daftari. Niko mstari wa pili.

---

Nahodha wa Pangani

Mleta uzi, nimetoka pwani sasa hivi. Mwezi una siku sita. Nimenyoosha mkono nikaufunika kwa kidole nikajaribu kupima. Nitaupima tena usiku wa sita baada ya kupevuka, niandike, na mwezi ujao tena. Ukimaliza Keiti nishtue.